Wa Kumwachia Kazi

Katika mji ule mdogo, ukiuliza anapatikana wapi mtaalamu wa tiba kwa vitendo, watu watakutazama kama umeuliza bei ya mwezi. Lakini ukisema unamtafuta Dada Vijiko, hata mtoto anayecheza barabarani atakuelekeza: ingia langoni mwa hospitali, acha wodi ya wazazi kushoto, fuata harufu ya sabuni mpaka chumba cha kufulia. Mlango unaofuata ndio wake.

Jina hilo alipewa na muuza nyama wa karibu na stendi. Muuza nyama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na mkewe akawa anamlisha kama kifaranga. Dada Vijiko alichukua kijiko, akakikunja shingo, akakivisha mpini mnene wa sponji na mpira wa baiskeli, akamwambia, "Haya baba, kula." Mzee alimwaga uji kifuani, akatukana. Akamwaga tena, akatukana zaidi. Siku kijiko kilipofika kinywani, mwenyewe hakuamini. Alikaa na uji mdomoni bila kuumeza, machozi yanamtoka. Tangu hapo kila mteja aliyefika kununua nyama alisimuliwa habari za dada wa vijiko.

Kazi yake ndiyo hiyo. Hapigi sindano, hakandi mgongo, wala hana dawa ya kumwandikia mtu. Anawarudishia watu mambo madogo ambayo mwenye afya hayahesabu: kufunga kifungo, kuchana nywele, kunawa uso, kuinuka chooni bila kushikwa mkono. Chumba chake kilikuwa stoo ya mashuka. Kina dirisha moja linalotazama njia ya jikoni, kitanda cha mazoezi, na ubao ukutani uliopigiwa vitasa, makomeo, mabomba na swichi za kila namna. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kufulia inanguruma mchana kutwa, kwa hiyo wagonjwa na yeye wamezoea kusemezana kwa sauti ya kugombana.

Alikuja pale akiwa msichana ametoka chuoni, kwa miaka miwili tu, ajipatie uzoefu. Miwili ikazaa mingine. Akaolewa na mpima ardhi aliyekuja kupima viwanja vya mji, wakazaa binti. Viwanja vilipokwisha, mpima ardhi akahamishiwa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. "Tangulia," Dada Vijiko alimwambia, "mimi nakuja nyuma yako." Binti alipofika umri wa shule akamfuata baba yake, kwa sababu kule nyanya yake yupo na shule ni nzuri. Mama mtu akabaki na chumba cha kupanga, redio na kauli ile ile: nakuja nyuma yako.

Si kwamba hakuomba uhamisho. Aliomba mpaka akaona haya. Tatizo ni kwamba Daktari Mkuu wa hospitali hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mkorofi, angegombana naye, angebamiza mlango akaenda zake. Lakini yule mzee alimwinukia kitini, akamkaribisha chai, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya koti.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikufungi kamba. Ukitaka, ondoka hata leo, nitakuombea heri. Ila niambie, yule mama aliyeungua mikono nimpeleke wapi? Ukikosekana wewe, vidole vyake vitajikunja na kuganda kama kucha za ndege. Unalijua hilo kuliko mimi. Nitafutie mwenzako. Akiingia huyu, unatoka wewe. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi."

Alikunywa chai yake, akarudi stoo.

Basi akageuka wakala wa kutafuta watu. Alianza na aliosoma nao. Mmoja alicheka simuni mpaka akakohoa, akasema siku hizi anauza paneli za sola na hataki kuona kitanda cha mgonjwa hata kwenye picha. Wa pili alisema atafikiria, na bila shaka mpaka leo anafikiria. Wa tatu, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, alikubali. Alikuja na masanduku matatu. Dada Vijiko alimpokea kama mwali. Alimpikia, akampisha kitanda, naye akalala kwenye mkeka. Asubuhi akamtembeza wodini, akamwonyesha chumba. Binti aliutazama ubao wa vitasa, akaisikiliza ile mashine.

"Dada, mko wangapi idara hii?"

"Tutakuwa wawili kwa mwezi mmoja. Halafu utabaki wewe."

"Na ukiumwa?"

Dada Vijiko alifikiri. Lilikuwa swali ambalo hajawahi kuulizwa. "Naja hivyo hivyo," alisema.

Binti aliondoka na basi la kesho yake, sanduku la tatu halijafunguliwa. Wiki nzima hospitalini walimtania Dada Vijiko: "Umemlisha nini mwenzio mpaka akakimbia?" Alicheka nao. Alipofika chumbani kwake akakaa kwenye ncha ya kitanda bila kuvua viatu, akahisi kama mtu anayesukuma mlango ambao aliye ng'ambo naye anausukuma kwake.

Jioni moja mumewe alipiga simu. Binti yao aling'oka jino. "Amelipeleka kwa nyanya yake," alisema, "akaomba apigwe picha na pengo lake." Kisha akaongeza: "Mke wangu, sikulaumu. Hata kidogo. Ila nataka tu kujua: nina mke, au nina mgeni wa mwisho wa mwezi?"

"Mwenzangu hajapatikana."

"Na asipopatikana?"

Alijifanya mtandao unakatika. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hakutaka mumewe amsikie anavyopumua.

Sasa, mji ule ulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Mayai. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mkimya, wa kuvaa sweta hata jua likiwaka. Kila asubuhi alipeleka trei za mayai kwenye jiko la hospitali, akipita chini ya lile dirisha la Dada Vijiko. Walisalimiana kwa kichwa tu. Alikuwa amehamia pale miaka kadhaa kabla, baada ya mumewe kuugua, wakafikia nyumba ya ukoo wa mume iliyobaki tupu nyuma ya kiwanda cha mbao. Zaidi ya hapo hakuna aliyemjua. Watu walisema anaringa.

Ijumaa moja Dada Vijiko alitaka mayai ya kumpelekea bintiye, akaamua kuyafuata nyumbani kwa mwenyewe. Alipiga hodi getini, sauti ya kiume ikamwitikia, "Pita, kuku hawang'ati."

Aliingia, akasimama.

Barazani alikaa mzee mwembamba kwenye kiti kilichoinuliwa kwa vitalu vya mbao chini ya kila mguu. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani. Kwa mkono wa kulia alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Yai lilikaa ndani ya kipande cha trei, na trei ilikaa juu ya kitambaa kibichi ili isiteleze. Alilipasua kwa kijiko, akalimenya kwa kidole gumba taratibu, wala hakutazama. Bomba la uani lilikuwa na mpini mrefu wa kusukumwa kwa kiwiko. Kupitia mlangoni kilionekana kitanda, na miguuni pake kamba nene yenye mafundo ya kujivutia mtu akitaka kukaa. Shati la mzee halikuwa na vifungo. Lilifungwa kwa utepe wa kunata, na juu ya utepe vimeshonewa vifungo vya uongo ili mtu asijue.

Halafu akauona ule mkono wa kushoto. Ulikuwa ndani ya banzi, kile kifaa kigumu kinachozuia vidole vya mgonjwa wa kiharusi visijikunje. Mabanzi mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa vipande vya ubao na bandeji. Hili lilifuata kiganja kama limemwagiwa likiwa uji. Kidole gumba kimewekwa kando, pembe yake sawasawa, mikanda imepita pale tu inapotakiwa kupita.

"Baba, shikamoo. Hiki nani alikutengenezea?"

"Marahaba. Nani mwingine? Mke wangu." Mzee alitabasamu upande mmoja. "Huyo akikushika, hata kulala unalala kwa mpango."

Mama Mayai alitokea nyuma ya banda na ndoo ya chakula cha kuku. Akamwona mgeni, akaona mgeni anatazama nini. Aliweka ndoo chini polepole.

"Trei ngapi?" aliuliza.

"Mama, ulisomea wapi?"

"Kusomea nini, kuku?"

"Mama." Dada Vijiko alilinyooshea banzi kidole. "Kuku hawamfundishi mtu kuweka kidole gumba namna hii."

Mzee alimaliza kulimenya yai lake, akaling'ata, akatazama upande mwingine kama mtu aliyeropoka chakulani.

Mama Mayai alivuta kigoda, akakaa, akamwonyesha mwenzake kigoda cha pili. Akasimulia bila kupamba. Kazi ile aliifanya tangu ujana, huko mbali, peke yake, katika hospitali moja iliyobeba wilaya nzima. Likizo alizipanga zikapanguka. Mama yake mzazi alivunjika nyonga, akawa anahudumiwa na jirani, kwa kuwa yeye alikuwa anahudumia mama za watu. Alipopata ruhusa alimkuta ameshazoea kulala, na hakuinuka tena. Mume alipopata kiharusi aliomba kustaafu kabla ya wakati, akafunga mizigo, akaja mahali ambapo hakuna anayemjua.

"Nilimwambia huyu: tukifika, mimi ni muuza mayai. Watu wakijua, lile geti halifungiki tena. Watakuja na wazee wao kwenye mikokoteni. Na mimi najijua, siwezi kumrudisha mtu."

"Na mimi umeniona miaka yote hii."

"Nimekuona. Napita dirishani kwako kila asubuhi. Siku ya mtoto wa mguu uliopinda uliweka mto juu mno, nikataka kuingia nikuambie. Nikakaza mwendo." Akainua uso. "Usinitaje, mwanangu. Nakuomba."

Dada Vijiko alitoka pale bila mayai. Alitembea barabara ya kiwanda cha mbao, misumeno inalia, vumbi la mbao linamwingia machoni, na moyoni ana furaha na hasira zimeshikana mashati. Alikuwa amempata! Mtaalamu kamili, fundi kumzidi yeye, hatua chache kutoka hospitali. Kumbe miaka yote ufunguo wake ulikuwa unapita chini ya dirisha na trei kichwani.

Jumatatu Daktari Mkuu alimwita. Mzee alikuwa na uso wa habari njema. Hospitali ya kule kwa mumewe walikuwa wanatafuta mtu wa tiba kwa vitendo, nao wangesubiri mpaka mwisho wa wiki, si zaidi. "Nimewaambia ninaye mtu hodari. Sasa na wewe niambie. Umepata wa kunipa?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hata hakuhitaji jina. Angesema tu, Mama Mayai. Maneno mawili, na yeye yuko huru.

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema.

Alimfuata tena yule mama, maana alijiona hawezi kumchoma mtu kisu cha mgongoni. Kama ni kuchoma, amchome wakitazamana. Alimkuta katikati ya ua anamtoa mumewe bafuni, na goti la mzee limelegea. Bila kufikiri Dada Vijiko aliruka upande wa kushoto, akaingiza bega chini ya kwapa lake, na wanawake wawili wakamshusha kitini bila kuambizana moja, mbili. Miaka tisa hakuwahi kubeba mgonjwa na mtu anayejua wapi pa kushika. Alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Kisha akaona jasho limelowesha sweta ya Mama Mayai kifuani.

"Nimekuja kukuambia kwamba nataka kusema," alisema.

"Nilijua."

"Nina mtoto. Anang'oka meno sipo."

"Ndiyo."

"Kwa nini hunikatazi?"

Mama Mayai alijifuta shingo. "Nikukataze kwa lipi? Ukisema, sitakukana. Wakija, nitakwenda. Ningekuwa mimi, tena nikiwa umri wako, ningesema siku ile ile." Akainama kumrekebishia mumewe mguu. "Huyu nitampatia mtu wa kushinda naye. Jirani."

Neno jirani lilimrudisha Dada Vijiko kwa yule mama mzazi wa nyonga, aliyeachiwa jirani mpaka hakuinuka tena. Angetukanwa, angekwenda moja kwa moja ofisini. Alhamisi alifika mlangoni kwa Daktari Mkuu, akagonga, akaingia, akasimama pale na mikono mgongoni kama mwanafunzi.

"Vipi?" mzee alimwuliza.

"Hayupo," alisema Dada Vijiko. "Nimetafuta, hayupo."

Daktari Mkuu alivua miwani, akaifuta, akasema pole, na kwa kweli alisikitika. Huzuni yake ilikuwa safi, na ndani yake mlikuwa na nafuu ambayo hakuweza kuificha. Dada Vijiko aliiona ile nafuu, akatamani kumrushia kikombe.

Nafasi ile ilichukuliwa na mwingine. Mumewe alipoambiwa hakufoka. Alisema tu, "Sawa," na ile sawa haikuwa na mlango wala dirisha. Siku zilizofuata Dada Vijiko alifanya kazi kama mtu aliyewekwa betri. Alinyoosha vidole vya yule mama aliyeungua, akakunja vijiko, akapiga kelele juu ya mashine. Kilichomtesa zaidi ni kutojua kama alinyamaza kwa wema au kwa woga. Huenda, alijiambia, hata geti likiachwa wazi mimi ndiye ninayejikalisha humu. Wazo hilo alilifukuza, likarudi, akalizoea.

Kila asubuhi trei zilipita chini ya dirisha. Hakuinua kichwa.

Ijumaa moja saa za mchana mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama Mayai aliingia, akaweka trei juu ya kabati, akavua sweta. Ndani alikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi.

"Yule mama wa moto anakuja saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ya juu, maana mashine ilikuwa inanguruma.

"Saa nane. Kwa nini?"

"Nitamwona mimi. Na wa baada yake. Muuza nyama amekuja kukaa na mzee wangu mpaka jioni, wanabishana mpira. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia ukweli, nikamwapisha asinitangaze." Alicheka kidogo kwa pua. "Namjua, kufika Jumapili mji mzima watakuwa wanajua. Lakini nitakuja Ijumaa tu, na Daktari Mkuu ameshakubali. Yeyote atakayekuja getini kwangu siku nyingine nitamwambia: Ijumaa, hospitali. Nimejifunza kulisema mbele ya kioo."

Dada Vijiko hakushukuru. Damu ilimpanda kichwani. "Sasa? Sasa ndiyo unakuja? Nafasi imekwenda! Ungekuja wiki mbili zilizopita ningekuwa kwangu!"

"Ungekuwa kwako," alikubali Mama Mayai, "na mimi ningekuwa humu Jumatatu mpaka Ijumaa. Hilo siliwezi. Hili naliweza." Akavuta kiti, akalitazama banzi lililokuwa mezani halijamalizika, akaligeuzageuza. "Hapa kwenye kifundo utamchubua. Lete mkasi. Halafu nenda. Basi la saa saba halijaondoka."

Hasira ya Dada Vijiko ilikuwa haijapoa. Hata hivyo akamkabidhi mkasi, akachukua mkoba, akatoka. Langoni mlinzi alimwuliza kama kuna msiba.

Alifika kwa mumewe giza linaanza kuingia. Alimkuta kwenye mlango wa nyuma, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua viatu vya shule vya binti yao kwa mswaki mkuukuu. Mpima ardhi alimwona, mswaki ukasimama hewani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Leo ni Ijumaa tu."

Alimtazama kwa makini, kama anatafuta ilipofichwa habari mbaya. Ndani binti alikuwa anasoma kwa sauti, akikwama na kuanza upya, na herufi ya s ilikuwa inampigia mluzi kwenye pengo la jino.

"Unarudi lini?" mumewe aliuliza.

"Jumapili. Halafu Ijumaa nyingine nakuja tena. Nadhani. Kuna mtu."

"Kuna mtu," alirudia. Hakusema vizuri wala vibaya. Alichovya mswaki kwenye maji, akasugua kisigino cha kiatu, kisha akasogeza mguu akamwachia nafasi kwenye kizingiti. Dada Vijiko aliketi. Alichukua kiatu cha pili, akatafuta kitambaa, akaanza kukifuta, masikio yake yakiwa kule ndani, binti alipokuwa anakwama tena kwenye sentensi ile ile.